Ringi za Nguzo ya Mbele

Kilimani, Nairobi
Jumapili

Kaka yangu Muindi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo wewe, na wifi Jacklyne, na watoto? Hali ya hewa ya Eldoret bado inawatesa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila kichwa ndicho sijui kiko wapi. Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Mama yuko hapa kwangu, na nyumba yangu unaijua, ukikohoa jikoni unasikika chumbani.

Ulisikia kwamba nimewahamisha wapangaji wote wa ploti yetu ya Riruta, pamoja na Mama. Najua pia umeambiwa nimeanza kujiona tangu nipate hii kazi ya kuchora vyuma vya maghorofa. Haya, nisikilize basi. Nguzo ya mbele, iliyo karibu na mlango wa Mama, plasta yake ilikuwa imefura, naye ameifunika kwa kalenda ya kanisa. Nilipobandua plasta, konkriti ikamomonyoka, na ndani nikaona vyuma vya kusimama vimepinda kuelekea nje. Niliketi chini palepale.

Chuma cha kusimama kikilemewa na mzigo hutaka kukimbilia nje, na ringi, zile pete za chuma zinazofungwa kuvizunguka vyuma vyote, ndizo zinazokizuia. Baba ndiye aliyenifunza hayo, kabla ya chuo chochote, nikimshikia waya akifunga. Sasa ringi ziko wapi? Kati ya moja na nyingine ungeweza kupitisha sufuria ya ugali! Baba yetu Kitavi, fundi wa vyuma aliyeitwa mpaka kwa matajiri wa Karen, aiache nguzo ya nyumba yake hivyo? Nilipima, nikapima tena, nikadhani macho yangu yana shida. Wiki nzima nimekuwa nikimtetea marehemu na kumshtaki, mara hivi mara vile.

Juzi tukimenya viazi nikamuuliza Mama, hivihivi tu, habari za ringi. Akacheka. Akasema Baba aliziacha tayari, rundo zima, akaenda kazi ya Karen. Siku hizo kanisa lilikuwa likiomba vifaa vya ujenzi. Mama akaona kazi ya ringi ni kushikilia vyuma visianguke mpaka konkriti ikauke, kama kamba ya mzigo wa kuni. Ikishakauka, ringi zina haja gani tena? Akawaambia vijana wa ujenzi waziachanishe, na nusu zikaenda kanisani kwa mkokoteni. Baba aliporudi konkriti ilikuwa imeshamwagwa, naye Mama hakumwambia, maana hakutaka kujitangazia sadaka. Alinisimulia hayo kwa furaha, Muindi, huku akinichagulia viazi vizuri.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Leo tulipotoka kanisani Mama alinibana nimweleze nguzo ilipatwa na nini hasa. Nikafungua kinywa, nikamtazama usoni, nikasema Baba alikosea hesabu ya vyuma vya kusimama. Ndiyo, nimemsingizia baba yetu aliye kaburini! Nilidhani atalia kidogo yaishe. Wapi! Aliinuka akasema mumewe hakuwahi kukosea hata chuma kimoja, na kwamba kesho asubuhi anarudi Riruta kulala kwake, watu waone kama nyumba ya Kitavi huanguka.

Anapanga nguo sasa hivi, nasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Nikimwambia ukweli, atajua ni sadaka yake iliyowaweka watoto wa wapangaji hatarini. Nikinyamaza, atalala kando ya nguzo ile. Nawaza, nazunguka, narudi palepale. Naogopa, kaka.

Nitamwambia. Nikishafunga bahasha hii naingia chumbani kwake, na kesho naituma kwa basi. Wewe ukiipata, njoo, hata kama ni kwa siku moja. Atataka kushikwa mkono na mtoto ambaye si yule aliyemwambia.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda.

Ni mimi dadako,
Kaluki