Frigo Iliyosukumwa Ukutani

Baba,

Usinicheke. Nimekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye frigo, nakuandikia. Tangu tukuzike sijui kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta bisibisi.

Frigo iligoma, Baba. Mota ilinguruma kutwa bila kupumzika, na maji ndani yalibaki vuguvugu. Ingekuwa ya mteja wangu wa kule Cibitoke ningemwambia avute subira. Lakini hii ndiyo inayotunza insulini ya Mama. Naye amekaa eda, hatoki. Mimi ndiye niliyekimbia na chupa zake kwa jirani, nikirudi, nikienda tena kuangalia kama umeme haujakatika huko. Wewe nimeshakuzika. Yeye siwezi, siwezi kabisa.

Basi nikafungua kila kitu. Thermostati nzima. Mpira wa mlango mzima. Nikashika bomba la gesi, nikataka kulikata! Hapo nikakumbuka ulivyokuwa ukinikaripia: "Frigo apana leta baridi, mutoto yangu. Inatoa tu moto ndani, inautupa inje." Gesi inabeba joto la ndani, mota inaisukuma hadi mabomba ya nyuma, joto linatokea huko. Sasa hili linatokea wapi? Nikapeleka mkono nyuma ya frigo. Haukupita.

Siku ya hitima yako watu waliisukuma hadi ukutani ili mikeka ienee. Wageni wakaondoka, mikeka ikakunjwa, frigo ikasahaulika pale pale. Nikaivuta kwa hasira. Fundi mzima, binti yako, nahangaika na gesi wakati frigo inakosa hewa tu!

Leo asubuhi mota ikazima. Nikaruka nikidhani imekufa. Kumbe ndani baridi imeshatosha, inapumzika kama inavyotakiwa. Nyumba ikawa kimya. Mngurumo ule ulikuwa umetuziba masikio tangu hitima. Mama alikuwa anachagua mchele. Akainua kichwa, akasikiliza. Hakuna kikohozi chako uani, hakuna nyundo, hakuna mtu anayeuliza chai iko wapi.

"Kumbe kweli ameenda," akasema. Akalia, Baba. Hakuwa amelia hata siku ya mazishi. Nikaacha bisibisi, nikakaa naye.

Kwaheri, Baba. Mungu akuangazie kaburi lako. Dawa ya Mama itakaa baridi, na Mama hatakaa peke yake. Hilo niachie.

Binti yako,
Zaina