Misumari ya Mlimani

Seraina shoga, nimelipiza!

Si unaikumbuka ile misumari niliyoichimbua mlimani, Dakta Caduff, bosi wangu wa uchimbaji wa mambo ya kale, akanicheka eti ya kwato za punda?

Leo kasimama mbele ya kijiji kizima: "Nilipoiona tu nikajua ni ya viatu vya askari wa Kirumi. Hapa palipiganwa vita!"

NILIPOIONA! Yeye!

Sasa picha za kuonyesha ukutani aliniachia mimi niziandae. Hata hakuzipitia.

Nikabonyeza kompyuta. Ikatokea picha ya mfuko wa misumari, na juu ya mfuko mwandiko wake mwenyewe, na sahihi: "Ya kwato za punda. Ladina atupe." Eti mimi niitupe!



Bibi yangu akainuka: "Dakta, hebu tusomee kwa sauti. Miwani nimeisahau nyumbani."

Na miwani kaivaa!