Mjomba Wako Ameanza Upya

Kwako mwanangu Danieli, uliyelala nyuma ya nyumba, upande wa shamba la uwele,

Hapa nyumbani tunaendelea. Mvua imenyesha vizuri, mbuzi yule mweupe amezaa mapacha, na dada yako Rehema aliniambia kabla hajarudi kwa mume wake Manyoni kwamba nisihangaike kukuandikia, kwa sababu wafu hawasomi barua. Nikamjibu kwamba yeye yuko hai na barua zangu hajibu, basi kuna tofauti gani? Alicheka, akalia, akapanda lori. Mimi nikachukua kalamu. Barua hii siifungi. Atakayeiokota na asome, ajue nilizaa mtu wa namna gani.

Unajua mama yako kisomo chake. Darasa la tatu la misheni, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, babu yako alitaka mtu wa kuchunga. Lakini nionyeshe mwanamke mwingine, kuanzia Mgori mpaka Mtinko, ambaye mtoto wake alikuwa akifuatwa na gari la serikali mpaka mlangoni. Ulipopata kazi ile ya wilayani, ya kupatanisha wagomvi, watu waliniuliza kisimani, "Mama Danieli, kijana wako ndiyo amekuwa hakimu?" Nikawaambia, hakimu ni kitu gani? Hakimu anampa mmoja haki, wanatoka hapo wakiwa maadui mpaka kaburini. Mwanangu anawakalisha fundi na mwenye jengo, au mwenye duka na mwenye lori, wamekunjiana ngumi, na jioni wanarudi njia moja wakiulizana habari za mifugo. Nilisema hivyo mpaka wakaanza kunikimbia kisimani. Sikujali. Niliteka maji bila foleni.

Na waliosema ujuzi ule uliupata kwenye mafunzo, waongo. Uliupata jikoni kwangu. Unakumbuka wewe na Rehema mlivyogombana juu ya nani aliyeacha mlango wa zizi wazi? Niliwakalisha pande mbili za mafiga. Nikasema, "Danieli, sema maneno ya dada yako kama yeye mwenyewe. Rehema akisema ndivyo, umemaliza. Akisema sivyo, anza upya." Ulianza, "Mimi Rehema ni mvivu na muongo." Rehema akapiga kelele, "Sivyo!" Ukaanza upya. Ugali ulipoa, mkaendelea kuanza upya, mpaka ukasema kwa sauti ndogo, "Mimi Rehema naogopa giza la zizini, kaka analijua hilo na bado ananituma mimi." Rehema akakutazama. "Ndivyo," akasema, akakusogezea mboga yake. Hapo ndipo kazi yako ilipozaliwa, baba. Mimi ndiye niliyekuajiri.

Sasa nije kwenye lile lililokuwa likikuuma mpaka unaondoka duniani.

Zahanati yetu ya kijiji ilijengwa kwa nguvu zetu. Wanaume walifyatua matofali, sisi wanawake tulibeba maji na mchanga, serikali ikaleta mabati. Fundi alikuwa Ramadhani wa Mtinko, mtu mwembamba mwenye maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa kaka yangu Ntandu, mjomba wako. Siku fundi alipomaliza na kuondoka tulicheza ngoma. Lakini tulipoanza kulaza wazazi mle ndani, chumba kilichemka kama kikaango. Sisi tumezaliwa kwenye tembe, Danieli. Tumezoea paa la udongo juu ya vichwa vyetu, nje jua linapasua mawe na ndani unajifunika shuka. Mke wa binamu yako, mkwe wa Ntandu, alijifungulia pale mchana, akatoka amelegea kama mboga iliyochemshwa.

Ntandu akaja akatazama juu ya bati. Akasema, "Nyumba hii haijaisha. Fundi ameiacha uchi." Kesho yake kijiji kizima kilipandisha udongo juu ya mabati, na mimi nilikuwemo, nikikandamiza kwa miguu yangu hii kama mtu anayemaliza tembe lake. Tulijisifu sana. Ndani pakapoa. Halafu mvua za kwanza zikaja, udongo ukanywa maji, na kona ya ukuta wa chumba cha wazazi ikapasuka, ufa wa kuingiza mkono.

Basi vita. Ntandu akasema fundi amejenga ukuta wa karatasi. Fundi Ramadhani akaja kutoka Mtinko kuona, akacheka kicheko kibaya, akasema hatatia mkono mpaka aombwe radhi, na wakiendelea kumtangaza vibaya atawapeleka mahakamani Singida. Wazazi wakarudishwa kujifungulia majumbani. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha pili alikaribia kutufia. Hapo ndipo wilaya ikakutuma wewe. Ulisema wapeleke mtu mwingine, mwenyekiti ni mjomba wako. Wakasema hakuna mwingine.

Uliwakalisha ndani ya chumba kile kile, ukuta umeegemezwa magogo. Mzee mmoja akauliza kwa nini tusikae nje penye hewa. Ukamjibu, "Hapa mtapatana haraka, babu. Hakuna anayetaka kuchelewa chini ya ukuta huu." Tukacheka, wengine huku wanautazama. Mimi na wifi zangu, wake za Ntandu, tulijaa dirishani.

Ulianza na fundi. Akavua ile kofia, akasema maneno ya mjomba wako: "Mimi Ntandu nilipandisha udongo kwa sababu niliona mkwe wangu anatolewa humu hajiwezi. Fundi alipoondoka hakuniambia bati halibebi udongo. Aliniona mshamba tu, hakuona haja." Ntandu akatazama chini. "Ndivyo," akasema.

Ikaja zamu yake. Kaka yangu unamjua, mdomo wake. Akasimama, akajishika kiuno: "Mimi Ramadhani, bingwa wa Mtinko, nimekuja kuwafundisha Wanyaturu wanaolala na mbuzi..." Watu wakavunjika mbavu. Hata fundi alitabasamu. Lakini akasema, "Sivyo."

"Anza upya, mjomba," ukasema.

"Mimi Ramadhani nilijenga ukuta wa kubeba bati, sikujenga ukuta wa kubeba shamba."

Kicheko kingine. Fundi akasema, "Hiyo ni kweli, lakini siyo yote."

"Bado, mjomba," ukasema. "Umesema alichojenga. Hujasema kinachomuuma."

Nilimwona kaka yangu akigeuka kututazama pale dirishani, wake zake na mimi dada yake, halafu akakutazama wewe, mtoto aliyewahi kumbeba mabegani kumpeleka kuona treni Manyoni. Jasho lilimtoka. Akasema taratibu, "Mimi Ramadhani nina jina moja tu, la ufundi. Ntandu amelitangaza vibaya kila gulio, wakati anajua udongo aliupandisha yeye."

"Ndivyo," akasema fundi.

Nikapiga vigelegele. Na leo ningepiga tena. Nani asingempigia mtoto kama wewe? Siku ile ile walipanda juu wote wawili, kila mmoja na jembe lake, wakaanza kuushusha udongo, na kijiji kikafuata. Fundi alijenga kona upya, akatoboa matundu ya hewa juu ya kuta, akaweka dari ya matete. Chumba kikapoa bila udongo. Watoto wangapi wamezaliwa mle mpaka leo, hesabu imenishinda.

Lakini jioni ile ulipomfuata mjomba wako na kumwamkia, "Shikamoo, mjomba," alipita kama aliyeamkiwa na kisiki.

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Ukija likizo unapita kwake kwanza kabla ya kuja kwangu, na ugoro wake ule wa Issuna alioupenda, unasimama kwenye ua, "Shikamoo, mjomba." Ndani kimya. Wifi yangu mkubwa anatoka ananong'ona, "Anasema amelala." Na sauti ya kikohozi chake unaisikia. Ulipooa, kiti cha mjomba kilibaki kitupu mbele ya wageni wote, mkweo akauliza, nikasema anaumwa. Fundi Ramadhani alikuja kutoka Mtinko na jogoo wawili. Ntandu, ambaye nyumba yake tunaiona kutoka mlangoni petu, hakuja.

Nilimfuata, usidhani sikumfuata. Nikamwambia, "Kaka, mtoto alikuwa kazini." Akanijibu, "Angenifanyia kazi hiyo faraghani. Alinisemesha maneno ya mtu mwingine mbele ya wake zangu. Mara tatu! Na wewe ukapiga vigelegele." Nikamwambia atapoa. Na wewe nikakuambia atapoa. Ulikuwa umekaa hapa kwenye kigoda, unatengeneza mpini wa jembe langu. Ukasema, "Mama, nimepatanisha watu wenye malori. Wenye viwanda. Huyu nashindwa, kwa sababu siwezi kukaa katikati na pembeni kwa wakati mmoja." Nikacheka, nikasema mjomba ni mjomba, hana pa kwenda. Na wewe ndiye uliyekuwa na pa kwenda, na mimi sikulijua.

Uliumwa huko huko kazini. Walikuleta kwa gari lile lile la serikali nililokuwa najisifia.

Ntandu alikuja mazikoni, akasimama mbali kwenye ukingo wa shamba, kofia mkononi. Hakutupa udongo. Nilimchukia siku ile, mwanangu, siwezi kukuficha.

Matanga yalipoanuliwa na watu wote wameondoka, Jumapili moja natoka kanisani nikamkuta amekaa kwenye kigoda chako. Hakunisalimu. Akasema, "Dada, kaa upande ule." Nikakaa. Mafiga katikati. Akajikohoza, kisha akaanza:

"Mimi Danieli. Nilifanya kazi niliyotumwa. Nilimwamkia mjomba wangu, hakuitikia. Nilimletea ugoro, akajifanya amelala."

Alisimama hapo, akanitazama. "Ndivyo, au sivyo?"

Wewe hukuniachia maneno yako. Nikamwambia, "Kaka, sijui. Mwenye maneno hayupo."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Asiposema ndivyo, naanza upya. Si ndiyo sheria yake?"

Akaja Jumapili iliyofuata. "Mimi Danieli. Nilioa, nikageuka mara nyingi kutazama njia." "Ndivyo, dada?" Nikachochea moto. Akachukua fimbo yake akaondoka. Jumapili nyingine akaja na mvua, miguu yake ile iliyovimba, akaanza na siku ya treni, jinsi ulivyokuwa mabegani kwake umemshika masikio, ukimwambia, "Mjomba, usiniangushe." Hapo hakuweza kuendelea. Nilimpa uji, akanywa, akaondoka. Wifi yangu anasema nyumbani siku hizi haongei, anafanya mazoezi tu, midomo inacheza. Wajukuu wanamwita babu anayesali.

Miezi sasa. Fundi Ramadhani alipita akamkuta hapa, akavua kofia akakaa pembeni, akasikiliza. Walipotoka waliongozana mpaka njia panda, Ntandu ameegemea bega la fundi. Ungewaona ungecheka. Ile kazi yako bado inatembea, baba. Wewe tu ndiye hutembei.

Jumapili iliyopita alikuja amedhoofika sana. Alikaa kwenye kigoda chako. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa kama yako kabisa, ile ya utotoni: "Mimi Danieli. Sikutaka mjomba aniombe radhi. Nilitaka tu aitikie." Akafunika uso kwa viganja. Na mle ndani ya viganja, nikamsikia anasema, "Marahaba. Marahaba, mpwa wangu." Akaisema mara nyingi, kama mtu anayelipa shikamoo zote zilizolundikana mlangoni kwake.

Halafu akafunua uso akaniuliza. "Ndivyo?"

Niliogopa kukusemea uongo. Wewe ulikuwa mkali kwa mambo hayo. Ungekataa hata mbele ya mkuu wa mkoa kama neno halikuwa la mtu anayesemewa. Nikamwambia, "Njoo Jumapili." Aliondoka akishikilia ukuta.

Kesho ndiyo Jumapili, Danieli. Nimefikiri wiki nzima, nikipepeta, nikikamua. Mimi ndiye niliyekunyonyesha, na kanuni ile ni yangu, ya jikoni kwangu. Nimekusemea kwa wangapi bila ruhusa yako, kisimani, kanisani, gulioni? Nikusemee na hili moja. Nimeshatayarisha unga wa ugali wa uwele anaoupenda, nitausonga akifika, na kigoda chako nimekifuta. Kesho akianza tena, sitamwachia afike mwisho. Nitasema, "Ndivyo."

Kama nimekosea, mwanangu, uje mwenyewe uniambie sivyo. Njoo hata ndotoni, njoo umekasirika. Mlango wangu unaujua.

Mimi niliyekuajiri,
Mama yako