Lori Ambalo Sikuligonga

Baba,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza afya ya unayemwandikia. Kwako siwezi, kwa hivyo nitakuambia ya kwangu: sijapata usingizi tangu Jumatatu, chai hainishuki, na Mama ananiuliza kama nina malaria. Sina malaria, Baba. Naogopa.

Unajua mimi ni mwoga tangu zamani. Hata nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nazunguka nyumba tatu ili nisipite karibu na mbwa wa jirani, nawe ukicheka mpaka kofia inaanguka. Lakini huu si woga wa mbwa.

Jumapili ijayo ni siku ya kukujengea. Mwaka umetimia, na akina mama wa kanisa wamepanga kwenda Kangundo kutia simiti kaburini kwako na kusimamisha msalaba. Msalaba wenyewe uko hapa nyumbani Huruma, umeegemea kabati, jina lako limeandikwa vizuri sana. Watu ni thelathini na kitu. Watabebwa na lori la Mzee Njoroge, lile la kijani lenye pua ndefu, la kabla ya Uhuru, linalonizidi umri, ambalo ulikuwa ukiliita "ajuza wangu". Jumatatu hii alilitoa kwa heshima yako. Mama atakaa mbele, wengine nyuma na nyimbo zao. Kila mtu anafurahi. Mimi nikiliona linapita likitoka machimboni Njiru na mawe, naangalia chini ya tumbo lake na moyo unanilipuka.

Wacha nilitoe. Nimekaa na neno hili mwaka mzima.

Unakumbuka masika ya mwaka jana. Kifua kilikuwa kimekubana, unashinda kitandani, na Mzee Njoroge akaleta lori hapa gerejini kwako kama kila mwaka ili tulikinge na kutu kabla mvua haijakolea. Uliniambia kazi ni yangu, kwani naijua. Na kweli naijua. Kwanza kugonga. Nyundo ndogo, kuanzia mbele hadi nyuma, kwenye chesisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba lori zima. "Ukisikia ngee, chuma ni kizima. Ukisikia dub, niite." Halafu brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Halafu kuliacha juani siku tatu. Halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na mwisho oili chafu ya injini, ipakwe hadi kwenye pembe ambazo mkono haufiki. Ulisema kupaka rangi juu ya unyevu ni kama kumfunika mgonjwa wa homa blanketi iliyolowa.

Jua lenyewe lilikataa. Siku ya kwanza mvua, ya pili mvua, na Mzee Njoroge anakuja kila asubuhi kusimama mlangoni na mwavuli wake, akilitaka lori lake. Barabarani walikuwa wanatia lami. Nikawaomba lami kidogo kwenye debe, nikaipasha moto, nikalala chini ya lori na kuipaka yote. Juu ya unyevu, Baba. Mahali pengine juu ya tope lenyewe la Njiru. Sikusugua. Sikugonga hata mara moja, kwa sababu niliogopa kusikia dub halafu nikuamshe ukiwa katika hali ile. Nilipomaliza, chesisi iling'aa kama kiatu cha askari. Mzee Njoroge akainama, akatazama, akasema, "Kazi safi, Mumbua. Umekuwa baba yako kabisa." Nikavimba kichwa.

Nikaingia ndani, nawe ukaniuliza neno moja tu. "Uligonga?"

Nikasema, "Niligonga, Baba. Kote ngee."

Uligeukia ukutani. Asubuhi yake hukuamka.

Tangu siku hiyo nimeshika gereji. Watu wananiita fundi, hata wale waliokuwa wakipita wakiniona na ovaroli na kuniuliza mwenyewe yuko wapi. Mpini wa nyundo yako ulipasuka, nikaufunga kwa mpira wa tyubu. Kila gari linaloingia hapa nagonga, hata wenyewe wakilalamika kwamba nawapotezea wakati. Ni hilo moja tu ambalo sijawahi kuligusa. Mzee Njoroge akilileta namwambia lami bado imeshika, aende zake. Nilikuwa na hofu, Baba. Likisema dub, basi siku yako ya mwisho duniani nilikudanganya. Lisipogongwa, labda sikukudanganya sana. Ona akili za binti yako.

Niliishia hapo jana, Mama akaniita. Leo ni Ijumaa, saa nane mchana, naendelea.

Asubuhi nilimwomba Mzee Njoroge aniachie lori kwa saa moja tu. Nilitandika gunia nikaingia chini. Nilikaa pale, nyundo kifuani, nikasali sala zote ninazozijua, hata ile ya chakula. Kisha nikaanza mbele. Ngee. Ngee. Upande wa dereva wote, ngee. Nikaanza kujicheka. Nikahamia upande wa pili, nikaja polepole, na karibu na pale springi ya nyuma inaposhika, dub.

Nikarudia. Dub.

Nilichokoa lami kwa bisibisi, ikabanduka kama ganda la kidonda, na maji ya kahawia yakanimwagikia shingoni. Maji, Baba, ya mwaka mzima, yalikuwa yamefungiwa humo ndani. Na bisibisi nilipoisukuma kwenye chuma iliingia mpaka mpini, bila nguvu, kama kwenye mkate. Nilipiga ukelele. Lami ile niliyojivunia ndiyo iliyoificha kutu isionekane na kuizuia isikauke. Yangebebwa mawe tena mara mbili tatu, halafu wale mama wote na nyimbo zao, na kwenye ule mteremko wa njia ya Kangundo unaoujua, chesisi ingekatika.

Mzee Njoroge alikuja nikamwambia kila kitu, nimesimama, nimelowa. Alichuchumaa, akatia kidole chake kwenye lile tundu. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Na hii ndiyo ilikuwa ibebe mama yako. Si ungeniambia, Mumbua."

Kisha nikaenda kwa Mama. Alikuwa anachagua maharagwe. Nilimwambia safari ya Jumapili haipo, nikamwambia kwa nini, nikamwambia na uwongo niliokwambia. Hakuinua uso. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye sinia, halafu akasema, "Baba yako alijua."

Baba, mimi nilisahau kwamba kitanda chako na gereji vinatenganishwa na bati moja tu.

Mama anasema jioni ile ulimwambia, "Leo sijasikia nyundo." Kisha ukasema, "Kesho nitaamka nikagonge mwenyewe." Yeye alidhani ni homa inasema. Mimi ndiye ningeelewa, na mimi ndiye sikuambiwa.

Kwa hivyo uliponiuliza ulikuwa tayari una jibu. Ulikuwa unanipa nafasi niseme kweli, nami nikakuambia kote ngee, bila haya, na wewe umelala umesikiliza mchana kutwa. Nimelia mpaka Mama akaacha maharagwe. Kinachoniuma zaidi si kwamba ulijua. Ni kwamba ulilala ukipanga kuamka na kifua kile, utambae chini ya lori kwenye tope, kwa sababu yangu.

Msalaba bado umeegemea kabati. Jumatatu fundi wa kuchomelea atakuja tukate chuma kilichooza chote na kutia kipya. Lami yote nitaibandua, mpaka chembe ya mwisho. Siku tatu za jua, na mvua ikinyesha nitaanza kuhesabu upya, hata Mzee Njoroge asimame na mwavuli mpaka Krismasi. Kisha tutakuja. Bado naogopa, sikufichi. Naogopa kuna mahali pengine nitapitwa. Ndiyo maana nitakaa nyuma, juu ya pale pale palipooza, na sitahama mpaka Kangundo.

Kwaheri, Baba. Lala sasa, usiamke kwenda kugonga, nyundo ninayo mimi. Nitaanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili, na nitagonga kwa nguvu, kama vile bado uko upande wa pili wa bati unasikiliza.

Binti yako,
Mumbua