Kaseti Aliyoiomba Riziki

Mjini Baraka, Jumapili.

Sikupata kaseti tupu popote; vita vimefunga maduka. Binti yangu Riziki, aliye kambini Kigoma, hajui kwamba mama yake amefariki. Kwetu habari kama hiyo hutolewa kwa mdomo, si kwa karatasi.

Aliniandikia kuhusu mwimbaji wa bendi anayoipenda ya metali, muziki wa magitaa na mayowe: “Baba, yule mama sasa anaimbaka polepole kama kwaya. Unitumie kaseti ya zamani, mi nataka kumusikia vile alikuwaka mukali.”

Makelele yale niliyakemea miaka mingi. Leo nimeziba kwa karatasi vitundu vya kaseti hiyo aliyoiacha nyumbani, ili ikubali kurekodiwa upya, nikarekodi sauti yangu juu ya wimbo wa kwanza. Nyimbo nyingine sikuzigusa.

Mvuvi ameondoka nayo kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Riziki atawasha redio akimsubiri yule mwanamke, na atanisikia mimi.