Jiko la Mawe kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimekamua ng'ombe. Ukungu mzito, hata migomba iliyo karibu na zizi sikuiona. Chai tayari saa moja. Mama alichukua kikombe chake akaenda kunywea jikoni, kama kawaida. Ni wiki ya tatu tangu mke wangu Wanja amtoe kwao Gachoka na kumleta hapa Githongo, na bado mama mkwe wangu hajala wala kunywa mbele yangu. Ni heshima. Naielewa, lakini nyumba inakuwa kimya sana.

Wanja yuko kazini Embu hadi Ijumaa. Mchana kutwa tuko wawili, mimi na Mama, tukipishana kwa adabu. Yeye anasema Kimbeere, mimi Kimeru. Tunaelewana.

Leo amevaa sweta mbili chini ya leso. Nilimuuliza kama anasikia baridi. "Hapana, Mwalimu. Niko sawa."

Ijumaa, 6 Juni

Manyunyu tangu alfajiri. Nimeziba ufa wa dirisha la chumba cha Mama kwa gazeti. Nikajipongeza.

Wanja amefika jioni. Ameshika mikono ya mama yake, akaniangalia tu. Mikono ilikuwa baridi kama bomba la maji. Nimemwahidi kwamba nitanunua blanketi nzito. Kwao Gachoka mtu analala mlango wazi kwa sababu ya joto. Lakini mwaka jana Mama aliteleza akichota maji, akalala chini pale pale kutwa nzima kabla jirani hajapita. Hawezi tena kuishi peke yake. Hilo mimi na Wanja tumekubaliana.

Jumanne, 10 Juni

Usingizi haupo, acha niandike.

Nilienda kukata nyasi za ng'ombe baada ya chakula cha mchana. Niliporudi sikuliona jiko la makaa pale nje ninapoliacha. Mlango wa Mama umefungwa. Niliita. Kimya. Niliita tena.

Sasa hapa niseme ukweli, maana hakuna anayesoma. Nilisimama. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Nimelelewa hivyo, na nilisimama pale na nyasi begani nikifikiria adabu, dakika mbili, labda tatu. Halafu nikasukuma mlango.

Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa mekundu. Dirisha nililoziba mimi mwenyewe. Mama kitandani, mdomo wazi, haamki. Nilimbeba hadi nje kwenye majani. Mwepesi mno. Nilipiga kelele mpaka Gitonga, jirani yetu wa chini, akaja na pikapu yake. Aliendesha hadi hospitalini huku taa zikiwaka na mkono juu ya honi.

Yuko hai. Wamemwekea oksijeni. Mungu, asante.

Jumatano, 11 Juni

Mama amefungua macho na kuomba maji. Kichwa kinamuuma na ametapika, lakini anatujua wote. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yangu, alinieleza polepole: makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu analala tu. Akasema tulimwahi.

Najua hayo. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Niliwafundisha watoto wa watu.

Wanja alikuja kutoka Embu. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu. Alikaa akimsugua mama yake miguu. Alipomuuliza kwa nini hakusema anaganda, Mama alijibu, "Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba nyumba yake ni baridi?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la dawa.

Jumamosi, 14 Juni

Mama yuko nyumbani. Majirani wameleta ndizi, maziwa na kuku mmoja. Gitonga amekataa hata pesa ya mafuta. Nimezungukwa na watu wema, na mimi ndiye niliyeziba dirisha.

Jioni Mama alituita sebuleni. Begi lake lilikuwa limefungwa tayari. "Nimewasumbua vya kutosha," alisema. "Mnirudishe kwetu. Kule jua ni la bure."

Wanja alilia. Mimi nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimwomba anipe mwezi huu. Nitaweka jiko la kupasha nyumba joto, lenye bomba la kutoa moshi nje. Akikosa joto, nitampeleka Gachoka mimi mwenyewe, na tutatafuta mtu wa kukaa naye.

"Hadi mwisho wa mwezi," alisema. Begi hakulifungua.

Jumatatu, 16 Juni

Meru mjini. Duka la kwanza lina majiko ya chuma, meusi, yanang'aa. Muuzaji aliwasha moja nijionee. Kwa dakika kumi tu nilivua koti. Nilifurahi, nikakaribia kulinunua. Nikauliza moto ukizima inakuwaje. "Unaongeza kuni, mzee." Na usiku? "Unaamka unaongeza." Niligusa ubavu wake, nikaondoa kidole upesi. Akilini nikamwona Mama akiyumba karibu nalo na leso yake ndefu.

Mtu mmoja pale dukani alinielekeza mtaa wa Majengo kwa fundi anayeitwa Bakari. Nimemkuta akichomelea mlango wa jiko, kofia ya sala imejaa vumbi la mawe. Yeye hutengeneza majiko kwa mawe ya Kisii, yale ya kuchongea vinyago, ambayo wengine huyaita mawe ya sabuni. Anasema jiwe lenyewe linachelewa kupata moto na linachelewa kuupoteza. Unawasha asubuhi na jioni, basi. Lakini ni zito sana, na linataka sakafu imara na fundi asiye na haraka.

Nilimuuliza lipi angelinunua kama ni kwa mama yake. Alijibu, "Usinisikilize mimi, mimi nauza. Nenda uguse." Akanipa jina la nyumba ya wageni karibu na msitu ambako aliweka moja miaka minne iliyopita.

Nimempenda mtu huyu.

Jumatano, 18 Juni

Nilimwomba Mama twende pamoja. Alisema ni mzee, achague nini. Nikamwambia ukweli: mimi nilichagua dirisha, na tazama. Akacheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aje. Gitonga alitupeleka.

Tulifika saa nane mchana, baridi ya msitu ikipenya hadi mifupani. Jiko ni refu kama kabati, rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo, na mishipa ya waridi. Mwanamke mwenye nyumba alifungua mlango wa jiko tuone. Majivu tu. Moto ulizima saa tatu asubuhi, alisema.

Mama aliweka kiganja kimoja juu ya jiwe. Kisha cha pili. Kisha akageuka akaegemeza mgongo, akafumba macho. Mwenye nyumba alipoleta chai, Mama alipokea kikombe akanywa pale pale, nimesimama mbele yake. Sidhani aligundua. Mimi niliangalia nje nisimharibie.

Tulipokuwa tukirudi alisema, "Lile lenye joto la kuku anayeatamia." Basi. Tumechagua.

Alhamisi, 19 Juni

Bakari amekubali. Nimempigia Wanja, amesema asante mara tatu. Hela ya mavuno ya kahawa imepata kazi yake, na pikipiki niliyokuwa nikiitamani itangoja. Sina uchungu nayo hata kidogo.

Jumatano, 25 Juni

Bado mawe hayajatoka Kisii. Lori limeharibika njiani. Mama anavaa blanketi kama mtu wa milimani. Kila jioni namwekea chupa ya maji moto kitandani kabla hajaingia. Begi liko pale pale kando ya mlango wake. Nalipita mara ishirini kwa siku.

Jumamosi, 28 Juni

Yamefika! Wanaume sita kubeba. Bakari na msaidizi wake wamefanya kazi tangu saa moja hadi magharibi. Waliimarisha sakafu kwa zege wiki iliyopita, leo wamepanga vipande, wakapitisha bomba kwenye paa na kuziba pembeni mvua isiingie. Bakari alipima kila pembe mara mbili. Aliswali adhuhuri kwenye veranda, Mama akamwekea kando ndizi na chai. Kisha Bakari akaniambia neno moja kwa kidole kilichoinuliwa: mawe yamenyeshewa kwenye lori. Siku tano, moto wa vijiti tu. Maji yaliyo ndani yatoke polepole.

Nilisema nimeelewa.

Jumapili, 29 Juni

Sikuelewa.

Asubuhi vijiti, vizuri. Baada ya kanisa nyumba bado ilikuwa baridi, na kesho ndiyo mwisho wa mwezi. Nilijaza magogo ya mgrevilia. Niliwaza, atahisi joto leo, atafungua begi. Nusu saa baadaye mlio, kama tawi linalovunjika. Ufa kutoka juu hadi mlangoni, ubavu wa kushoto.

Mimi ni mpumbavu. Mara ya pili mwezi mmoja nimefanya kosa nikiwa na nia njema na haraka. Wanja alisimama na mkono mdomoni. Niliondoa magogo kwa koleo, nikayatupa nje kwenye matope, na sikutaka kumtazama Mama.

Yeye ndiye aliyekuja. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ufa kama mtu anayesoma. Kisha akasema kwamba alifinyanga vyungu Mbeere kwa miaka arobaini. Sikujua. Miaka ishirini na saba mimi ni mkwe wake na sikujua. Alisema alipasua vyungu vingi alipokuwa msichana, kwa sababu hii hii, na mama yake alimpiga kwa mwiko.

"Mpigie yule fundi," alisema. "Likirekebishwa, moto niachie mimi. Wewe kaa mbali, Mwalimu."

Jumanne, 1 Julai

Bakari alikuja saa nne na kipande kipya. Niliungama yote. Alitikisa kichwa, akacheka kimya, akasema yeye mwenyewe alipasua mawili kabla ya kujifunza. Hakutaka nilipie kazi, jiwe tu. Mama alimhoji: jiwe linatoka wapi, linanyonya maji kiasi gani, bomba linavutaje. Wakaongea kama mafundi wawili, mmoja Kiswahili cha mjini, mwingine kile kidogo alichojifunza sokoni. Mimi nilishika tochi.

Mwezi umekwisha jana. Hakuna aliyelitaja hilo.

Jumapili, 6 Julai

Siku ya tano ya vijiti. Mama huamka saa kumi na mbili. Vijiti vya kahawa vilivyokauka, vinne, kisha vinne. Anagusa jiwe juu, katikati, chini. Akikunja uso, jiwe halijawa tayari, anangoja. Ameniruhusu kupasua kuni na kumwaga majivu, si zaidi. Leo jasho la mwisho la jiwe limekauka. Jioni aliweka gogo la kwanza na kufunga mlango wa jiko taratibu.

Hakuna mlio.

Nyumba ilianza kupata joto wakati wa taarifa ya habari. Kwanza ukuta wa sebule, kisha korido. Tulikaa watatu, kama watu wanaosikiliza mgeni akipiga hodi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeona begi la Mama juu ya kabati, tupu. Leso zake zimekunjwa kwenye droo. Wanja ameniita nije nione, akanifinya mkono. Nimempelekea Gitonga mkungu wa ndizi, na safari hii hakukataa.

Mimi ni mtu wa sala fupi. Leo nilikaa muda mrefu.

Jumapili, 20 Julai

Ukungu haujaondoka tangu Ijumaa. Hatukwenda kanisani, barabara ni tope. Wanja amelala kidogo baada ya chakula. Mama yuko kwenye kiti karibu na jiko, anachambua ndengu kwenye ungo, miguu mitupu sakafuni.

Nilikuwa nikiandika haya alipoinua kichwa.

"Mwalimu," alisema, "fungua dirisha kidogo. Kuna joto humu."

Nimelifungua.