Mdomo Wangu Haukunuka Kitu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko boliti za gereji yako. Shemeji hajambo? Na wanangu wale wawili, bado wanagombania kiti cha mbele? Mimi usiniulize. Mdogo wako ana roho ya paka: nimepona kabisa, nimenenepa, wauguzi wananigombania, na bosi mmoja wa huku ameniita nikaongoze mafundi wake. Wivu ukikushika, kunywa maji.

Sasa kaa kitako.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha kila asubuhi mbele ya mafundi, unanusa mdomo wangu? Hukuwahi kupata harufu. Ukawaambia mdogo wako ni fundi hata wa ulevi, amegundua pombe isiyonuka. Wakacheka, nawe ukanibandika jina la Tenki. Kope zikianguka, pombe. Miguu ikilegea, pombe. Zahanati waliposema ini langu limejaa mafuta, ukapiga makofi ukidai ulishasema. Ukaamuru nisile mchana mpaka nimalize gari, ati njaa inipe adabu. Ndipo nikazimika chini ya lile lori.

Daktari wa hapa hospitali, mama mmoja asiyejua utani, amenipima hadi msuli. Anasema ndani ya kila chembe ya mwili kuna injini ndogo mno zinazochoma chakula kiwe nguvu. Zangu mbovu tangu kuzaliwa, na ini ndilo limebeba msiba: mafuta yanaletwa, hayaungui, yanarundikana humo humo. Wewe ukikosa mlo, ini linakupikia sukari kutoka akiba yake. Langu ni jiko lililozimika. Kwa hiyo pombe haikunileta hapa, kaka. Njaa yako ndiyo iliyonisukuma. Nilimwomba arudie polepole, nisikie utamu.

Halafu akaniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia ninaye, bosi mzima. Akasema, "Injini hizi baba hatoi. Hutoka kwa mama, na huwafikia watoto wake wote, kila mmoja kwa kiasi chake."

Maskini mama, hakujua. Ila mimi nilicheka peke yangu mpaka mgonjwa wa jirani akageukia ukuta. Nenda kwenye kioo, kaka. Ile kope ya kushoto inayosinzia, ambayo shemeji huiita jicho la mahaba, itazame vizuri. Wewe atakunusa nani?

Nataka uwapange mafundi asubuhi, uwaambie Tenki hakuonja hata tone. Useme kwa sauti ile ile uliyonitukania. Kisha ukapimwe, na usishinde na njaa hata siku moja. Wanao wasikutie hofu, hii haipiti kwa baba. Lakini kama hujawaambia mafundi, usikanyage hapa.

Msalimie shemeji, na wanangu wabusu hata wakikimbia.

Ni mimi mdogo wako,
Tenki Mkavu

Pale mwanzo nilikudanganya. Hakuna bosi aliyeniita. Sijapona, kaka. Ini linakufa.